Faili ya mipangilio ni mali ya anayeihariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nilizungumzie jambo ambalo masomo ya lugha za skripti yanayochapishwa katika ukurasa wenu wa teknolojia yameligusa kwa aya moja tu na kulipita. Katika somo la karibuni mwandishi aliwashauri wanafunzi wake wayatoe mipangilio ndani ya msimbo wa programu na kuyaweka katika faili ya maandishi ya kawaida, jina upande wa kushoto na thamani upande wa kulia, kisha waisome faili hiyo kwa kuukata kila mstari penye alama ya usawa. Shauri la kwanza ni jema na ninaliunga mkono bila kusita. La pili ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu nimefanya kazi ya kuandika na kutunza skripti kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya hitilafu nilizoamshwa usiku kuzishughulikia hazikutoka katika hesabu wala mantiki ya programu, bali zilitoka katika faili fupi ya mistari 20 au 30 ambayo kila mtu aliidhani haina neno.

Tuanze na sababu ya faili hiyo kuwapo. Jina la seva, folda ya kuhifadhia ripoti, muda wa kusubiri jibu, anwani ya kupelekewa taarifa: haya yote hubadilika huku kazi ya programu ikibaki ileile. Yakiachwa ndani ya msimbo, kila badiliko humlazimu mtu aifungue programu yenyewe, na mkono ukiteleza kidogo programu nzima husimama. Yakitolewa nje, anayeyabadilisha hahitaji kujua lugha yoyote ya kompyuta. Huenda ni mhasibu, karani au mkutubi anayeifungua faili hiyo mara mbili kwa mwaka, akabadilisha neno moja, akahifadhi na kurudi kwenye kazi zake. Kwa hiyo mimi naishika kanuni moja, na ndiyo hasa ninayotaka kuitetea katika barua hii: faili ya mipangilio ni mali ya mtu anayeihariri, na programu ni mgeni ndani yake. Mgeni husoma alichowekewa, akikuta kasoro huisema wazi, wala hapangi upya vyombo vya mwenye nyumba.

Chukua faili ndogo ya mtindo wa INI, ambao kwa macho ya asiye mtaalamu ndio mwepesi kuliko mitindo mingine:

[taarifa]
# Usirudishe posta-1. Ilizimwa na jina lake limepewa mashine nyingine.
seva = posta-2
tuma_nakala = hapana
muda_wa_kusubiri = 30
kiungo = https://posta-2/fungua?lugha=sw

Ukiisoma kwa kukata penye alama ya usawa, mstari wa kwanza hauna alama hiyo na programu itaanguka hapohapo. Ukiweka sharti la kuiruka mistari ya namna hiyo, utafika kwenye kiungo chenye alama mbili za usawa na kupata vipande vitatu badala ya viwili. Ukilirekebisha na hilo, utabaki na nafasi tupu mbele ya neno posta-2, ambayo jicho haliioni lakini seva haipatikani kwa jina lililotanguliwa na nafasi. Kisha atakuja mtu aliyeihifadhi faili kwa kihariri kinachotanguliza alama isiyoonekana mwanzoni mwa maandishi ya UTF-8, baiti tatu tu, na mabano ya mraba yaliyo wazi mbele ya macho ya kila mtu yatakuwa hayatambuliki kwa programu. Kila tatizo katika haya lina dawa yake, lakini mwanafunzi atakayeyatatua moja baada ya jingine atakuwa ameandika kisomaji chake cha INI, kibovu kuliko kile ambacho lugha yake tayari inacho.

Maana Python ina moduli ya configparser katika maktaba yake ya msingi, tena ya siku nyingi. Kabla ya toleo la 3 kutoka mwaka 2008 ilikuwa ikiandikwa ConfigParser, na atakayelikuta jina hilo katika mifano ya zamani ajue kuwa ni kitu kilekile. PHP ina parse_ini_file. Ile alama isiyoonekana nayo huondoka kwa kutaja usimbaji wa utf-8-sig wakati wa kufungua faili, kwa kuwa usimbaji huo husoma faili yenye alama na isiyo nayo vilevile. Somo lingeweza kuyasema haya kwa mistari mitatu.

Hata hivyo moduli haimwondolei mwandishi wa programu jukumu la kufikiri, na hapa ndipo penye mengi. Kila thamani inayosomwa na configparser ni maandishi, hata ile 30 hapo juu. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atachukua neno hapana lililo mbele ya tuma_nakala, ataligeuza kwa bool, na Python itamjibu kuwa ni kweli, kwa sababu maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Mtu ameandika hapana, programu imeelewa ndiyo, na hakuna kosa lililoonyeshwa popote. Njia sahihi ni getint kwa namba kamili, getfloat kwa desimali, na getboolean kwa maswali ya ndiyo na hapana. Na hii ya mwisho, ikikuta neno isilolijua, hutoa kosa badala ya kubahatisha.

Tatizo ni kwamba maneno ambayo getboolean inayajua ni ya Kiingereza: yes, no, true, false, on, off, pamoja na 1 na 0. Nimewaona walimu wakihitimisha kwamba basi mtumiaji wa Kiswahili hana budi kuyakariri. Sivyo. Moduli hiyo ina jedwali liitwalo BOOLEAN_STATES, nalo linaweza kubadilishwa kwa mstari mmoja, hapa kwa kisomaji nilichokiita mipangilio:

mipangilio.BOOLEAN_STATES = {"ndiyo": True, "ndio": True, "hapana": False, "la": False}

Nimeiweka ndio pamoja na ndiyo kwa makusudi. Watu huandika zote mbili, na faili ya mipangilio si mtihani wa tahajia. Herufi kubwa hazina shida, kwa kuwa getboolean huligeuza neno kuwa la herufi ndogo kabla ya kulitafuta, hivyo Ndiyo na NDIYO hukubaliwa sawa. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu anayejaza faili kwa lugha yake, yenye majina ya Kiswahili na maoni (yale maelezo ya mstari unaoanza kwa #) ya Kiswahili, hukosea mara chache na huliona kosa lake mwenyewe anapolisoma tena.

Lugha yetu ina jambo lake jingine ambalo masomo yaliyofasiriwa hayaligusi kabisa, nalo ni ile alama ya ritifaa katika ng'. Andika ujumbe usemao "Huduma za ng'ambo zimesitishwa" katika faili ya INI na hakuna litakalotokea, kwa maana kwa INI ritifaa ni herufi kama nyingine. Peleka maneno hayohayo katika faili ya mipangilio inayosomwa na Bash, lugha ya skripti za amri, kwa amri ya source, bila kuyazungushia alama za nukuu, na Bash itaiona ritifaa ile kuwa mwanzo wa nukuu ambayo haijafungwa, iendelee kuitafuta ya kufungia hadi mwisho wa faili, kisha ilalamike kwamba faili imeisha kabla nukuu haijafungwa. Katika YAML na TOML, mitindo mingine ya faili za mipangilio, maneno hayo yakizungushiwa nukuu moja moja, nukuu hufungwa katikati ya ng'ambo. YAML hukubali ritifaa irudiwe mara mbili, lakini TOML haina njia hiyo ndani ya nukuu moja na hutaka nukuu pacha. JSON, mtindo mwingine tena, haisumbuki kwa kuwa haijui nukuu nyingine ila pacha. Mwalimu wa Kiswahili angeanza na mfano huu, kwa kuwa mwanafunzi wake ataukuta siku ya kwanza atakapoandika sentensi halisi.

Nije kwenye ukimya, ambao kwangu ni kosa zito kuliko yote katika kusoma. Amri ya read ya configparser ikipewa jina la faili isiyokuwapo hailalamiki. Hurudisha orodha ya faili ilizofanikiwa kuzisoma, na orodha hiyo ikiwa tupu ni juu yako kuitazama. Wengi hawaitazami. Ukiunganisha ukimya huo na ule utaratibu wa kuweka thamani ya akiba kwa fallback, unapata programu inayofanya kazi vizuri kabisa kwa mipangilio ambayo hakuna mtu aliyeichagua. Nimewahi kuikuta skripti ya namna hiyo. Ilipoendeshwa kwa mkono ilifanya kila kitu sawasawa. Ilipoendeshwa usiku na cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, ilipeleka ripoti katika folda ya majaribio. Tulitafuta kwa siku mbili. Jina la faili lilikuwa limeandikwa bila njia kamili, nayo cron haikuianzisha skripti kutoka katika folda ile ambayo sisi tulizoea kusimama tunapoiendesha, hivyo faili haikuonekana na thamani za akiba zikashika nafasi. Tangu hapo faili ya lazima naifungua kwa open na kuipitisha kwa read_file, ambayo isipoiona husimama na kusema, na njia yake naijenga kutoka mahali ilipo skripti yenyewe. Amri ya read naiachia faili za hiari, zile ambazo kutokuwapo kwake ni jambo la kawaida.

Na kosa linaposemwa, lisemwe kwa mtu anayeweza kulirekebisha. Karani aliyeandika "muda_wa_kusubiri = 30 ; sekunde" hajafanya kituko; alitaka kumsaidia atakayekuja baada yake. Ila tangu toleo la 3.2 configparser haiyachukulii maandishi yaliyo baada ya thamani kuwa maoni isipoambiwa, kwa hiyo thamani inakuwa "30 ; sekunde" na getint inaanguka kwa ukurasa mzima wa msimbo ambao karani hawezi kuusoma. Mwandishi wa programu aukamate mwanguko huo na kuandika sentensi moja: katika faili fulani, sehemu ya taarifa, muda_wa_kusubiri ulitakiwa uwe namba lakini umeandikwa hivi. Kazi hiyo haizidi mistari mitano ya msimbo.

Alama ya asilimia nayo inastahili onyo. Configparser huichukulia kuwa mwanzo wa rejeo la thamani nyingine, hivyo nenosiri lenye asilimia ndani yake huiangusha programu siku linapobadilishwa, wakati ambapo hakuna aliyegusa msimbo. Ukiunda kisomaji kwa interpolation=None onyo hili halikuhusu tena.

Hadi hapa nimezungumzia kusoma. Kuandika ndiko kulikonifundisha kanuni niliyoitaja mwanzoni, na naomba nieleze ilivyokuwa. Katika ofisi moja nilikabidhiwa skripti iliyotuma taarifa kila asubuhi, yenye faili ya mipangilio iliyotunzwa kwa miaka na mwenzetu wa siku nyingi pale kazini. Kila alipobadilisha kitu aliandika maoni juu yake: kwa nini seva ile imeachwa, nani ameomba nakala zisitumwe, kwa nini muda wa kusubiri haupaswi kushuka chini ya 30. Mimi nilitaka skripti ikumbuke tarehe ya mwisho ilipofanya kazi, na nikaona mahali pepesi pa kuiandika ni katika faili ileile. Nilisoma kwa configparser, nikaongeza tarehe, nikaandika kwa write. Asubuhi yake faili ilikuwa imebaki na sehemu, majina na thamani tu. Maoni yote yalikuwa yametoweka, maana configparser huyatupa inaposoma, na isichokihifadhi haiwezi kukiandika. Majina yaliyokuwa na herufi kubwa yalikuwa yamegeuzwa kuwa ya herufi ndogo. Mwenzetu yule hakugomba. Aliketi na kuanza kuyaandika upya yale aliyoyakumbuka, na nilipomwona akisita mbele ya mistari ambayo sababu zake zilikuwa zimemtoka akilini, nilielewa kwamba nilikuwa nimefuta kumbukumbu ya kazi, si mapambo.

Herufi zinaokolewa kwa kuweka optionxform = str. Maoni hayatunzwi na moduli hiyo. Kuna maktaba za nje zinazoyatunza, kama tomlkit kwa TOML na ruamel.yaml kwa YAML, na anayelazimika kuihariri faili ya mtu kwa programu azitumie. Lakini jibu langu la kwanza ni kutokuandika humo kabisa. Programu ikiwa na lake la kukumbuka, iwe na faili yake yenyewe, kando, ambayo mtu hatakiwi kuigusa. Hapo JSON inafaa sana, na kukosa kwake nafasi ya maoni hakumuumizi yeyote. Mipangilio ya msingi nayo ikae katika faili ya tatu inayokuja na programu, isomwe kwanza, kisha faili ya mtumiaji isomwe juu yake, kwa kuwa configparser huiacha thamani iliyosomwa baadaye ishinde ya mwanzo. Toleo jipya la programu likija, halitagusa alichokiandika mtumiaji.

Na hata hiyo faili ya programu yenyewe isiandikwe kiholela. Ukiifungua kwa open na alama ya "w", maudhui ya zamani hufutwa papo hapo, kabla ya herufi moja mpya kuandikwa. Umeme ukikatika au diski ikijaa katika nafasi hiyo ndogo, kinachobaki ni faili tupu au nusu. Faili tupu ya JSON angalau hukataliwa inaposomwa. Ya INI hupokewa bila neno lolote, kwa kuwa INI tupu ni halali. Kwa hiyo andika kwanza faili mpya yenye jina la muda ndani ya folda ileile, isukume diskini kwa flush na os.fsync, kisha iweke mahali pa ile ya zamani kwa os.replace, iliyokuwapo tangu Python 3.3. Atakayesoma ataikuta ya zamani nzima au mpya nzima. Angalia pia ruhusa: ikiwa faili ya zamani ilifungwa kwa 600, yaani kwa mwenyewe peke yake, kwa sababu ina nenosiri, faili mpya haitairithi ruhusa hiyo yenyewe, na siri inaweza kubaki wazi kwa kila mwenye akaunti katika mashine.

Kuhusu kuchagua mtindo sitasema mengi, kwa kuwa mabishano yake huwa marefu kuliko faida. INI inatosha kwa mipangilio bapa. TOML, iliyoanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2013 na kufikia toleo la 1.0.0 mwaka 2021, hutofautisha namba, tarehe na maandishi, na tangu Python 3.11 ya mwaka 2022 ipo moduli ya tomllib ya kuisoma. Kwamba moduli hiyo husoma tu na haiandiki, mimi naliona jambo la heri. YAML inahitaji uangalifu: PyYAML, maktaba ya Python ya kuisoma, hufuata kanuni za YAML 1.1, ambamo no isiyo na nukuu ni sawa na si kweli, hivyo orodha ya alama za nchi hubadilika inapofika NO ya Norwei, na faili isomwe kwa safe_load tu. Kile nisichokubali hata kidogo ni kuisoma mipangilio kwa eval, amri inayotekeleza maandishi kama msimbo, au kuifanya kuwa skripti inayotekelezwa, maana hapo kila mwenye ruhusa ya kubadilisha muda wa kusubiri amepewa ruhusa ya kuamuru chochote katika mashine.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Aya ile ya kukata mstari penye alama ya usawa irekebishwe katika toleo lijalo, na mwandishi wa masomo atenge somo moja zima kwa kusoma na jingine kwa kuandika, akitumia faili yenye majina, maoni na majibu ya Kiswahili, na sentensi mojawapo iwe na ng' ndani yake. Mimi niko tayari kumletea mifano niliyoijaribu, pamoja na faili mbovu za makusudi, ili wanafunzi waone kosa likisemwa vizuri kabla hawajakutana nalo peke yao kazini.

Msomaji wako,
Mwandishi na mtunza skripti